Safari ya Pemba Chini ya Uenyekiti Wangu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechaguliwa mwenyekiti wa safari! Kura tatu kwa moja. Moja ya zile tatu ni yangu. Ile iliyonipinga ni ya Wilbert, na sitaisahau.

Habari yenyewe ni hii. Abdulhamid, mtoto wa shangazi Bi Mgeni, anaoa Jumapili huko Wete, Pemba. Kutoka hapa Kariakoo tunakwenda wanne. Shangazi, mama wa bwana harusi, na begi la nguo za bibi harusi ambalo halimtoki mkononi. Ummy, fundi anayeshona mapazia barazani pa duka langu, mzaliwa wa Wete. Wilbert, Mchaga wa vyombo, duka la pili kutoka kwangu, kaalikwa kwa sababu huyu bwana hualikwa kila mahali. Na mimi, Mwinyimvua, miaka arobaini na tatu, sijaoa.

Hilo la kutooa ndilo linalonipeleka. Kaka mkubwa wa Ummy, Abdulmajid, yuko Wete. Nataka nifike kwake nimevaa vizuri, nipeleke posa. Shangazi anajua. Ummy anajua kwamba shangazi anajua. Wilbert hajui kitu.

Wilbert akaleta hoja kikaoni. Kuna boti moja inatoka Dar, inagusa Unguja, inaendelea mpaka Pemba. Tiketi moja, unakaa, unafika. Nikacheka. Nikasema hiyo ni safari ya washamba. Sisi tutakwenda Unguja Ijumaa, tulale, Jumamosi alfajiri tupande boti nyingine ya Pemba. Ummy akauliza faida yake nini. Nikasema mwili unaizoea bahari kidogo kidogo. Faida yenyewe ni Forodhani jioni, bakuli la urojo, mimi na Ummy tunatembea polepole. Hilo nimelibakiza moyoni.

Shangazi akauliza kama njia naijua. Nikasema nimeshavuka kwenda Pemba mara kumi na moja.

Sijawahi kuvuka popote. Nimefika Kigamboni tu, na nilipita darajani.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi. Tumbo ni kama punda, ukilianzishia mzigo mdogo mwishowe litabeba mkubwa. Nikamwachia Ummy duka, nikasema nakwenda Kivukoni kuonana na manahodha rafiki zangu. Akanitazama kitambo. Akasema niwasalimie.

Mpango: kuvuka na pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, mara sita. Kwanza nikapiga supu ya pweza pale Feri, bakuli mbili, maana tumbo tupu halifundishiki. Nikapanda. Nikashika chuma. Kichwa kikaanza kuzunguka, mate yakajaa mdomoni. Bahari imechafuka kweli! Nikamuuliza mama mmoja mwenye ndoo ya samaki kama mawimbi ndivyo yalivyo siku zote.

"Baba," akasema, "hatujaondoka."

Kweli. Magari yalikuwa bado yanaingia.

Tulipofika katikati nikainama ukingoni. Pweza wote wakarudi walikotoka. Mara mkono ukanigusa begani. Wilbert! Anampelekea dada yake samaki Kigamboni. Kashika changu wawili na uso wa huruma. Akauliza kama naumwa. Nikasema nasoma rangi ya maji, manahodha ndivyo wanavyojua hali ya hewa. Naye akainama akatazama. Akasema yeye anaona pweza tu.

Nimerudi mjini kwa bajaji, kupitia darajani.

Jumatano, 6 Agosti

Tiketi zimekatwa! Za kwenda Unguja na za kwenda Pemba, zote mkononi mwangu.

Wilbert alijitolea kunisindikiza kwa wakala. Nikamtuma akatafute kamba za kufungia mizigo, ziwe za kijani. Nilijua za kijani hakuna Kariakoo nzima. Alirudi nazo baada ya dakika ishirini, lakini nilikuwa nimeshaondoka.

Dirishani alikuwepo dada anaitwa Winifrida, mtu wa maswali mengi. Tiketi za Unguja zilikwenda bila shida. Za pili akauliza ni Unguja kwenda Pemba? Nikamwambia aanze na Pemba. Pemba ndiko kwenye harusi, Unguja ni pa kulala tu. Akasema basi ni Pemba kwenda Unguja. Nikasema sawasawa. Akauliza tena. Nikamwambia mimi nimeshasafiri mara kumi na moja, kanuni nazijua. Akabonyeza.

Viti nimevipanga kwa akili. Mimi na Ummy dirishani. Shangazi na Wilbert nyuma kabisa, karibu na choo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda Mchikichini, kwenye mitumba, kutafuta koti la posa. Nimepata! Jeupe, vifungo vya dhahabu, mistari miwili ya dhahabu kila mkono. Muuzaji kaapa ni koti la balozi. Nilipolivaa dukani Ummy akaacha cherehani. Akasema nimependeza, ila mikono mirefu, nimpe aipunguze. Akaipunguza hapo hapo bila kunivua, pini mdomoni, kichwa chake karibu na kifua changu. Nikasahau kupumua.

Wilbert akapita, akapiga saluti. Wivu.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika nimelala ubavu, nyumba ya wageni, Unguja. Mwandiko mbaya usamehewe.

Boti ilijaa, watu wa Nane Nane. Kusi linavuma. Hatujapita hata kisiwa cha kwanza, mzee mmoja akanivuta koti akaniomba mfuko wa kutapikia. Nikamwambia mimi ni abiria. Akasema, "Abiria gani ana vifungo vya dhahabu?" Mama wa nyuma akataka maji. Mwingine akaniamuru nimwambie nahodha apunguze mwendo. Wakaniita wee, wee, wee, kila kona, na mimi kila nikiinuka sakafu inaondoka. Mwishowe nikapata mifuko kwa mhudumu wa kweli nikaanza kugawa. Niligawa sita. Wa saba nikautumia mwenyewe, nimesimama katikati ya njia, mbele ya safu zote. Mtoto mmoja akalia. Watu wakaona hata mabaharia wanatapika, basi wakatapika wote.

Kiti changu cha dirishani sikukikalia. Ummy alinikalisha chini, akanivua koti, akanishikia ndimu puani. Akauliza kwa sauti ndogo zile mara kumi na moja nilisafirije. Nikasema bahari ya zamani ilikuwa tulivu.  Akanifuta paji la uso kwa mtandio wake. Pazuri sana pale chini, nisingekuwa naumwa.

Jioni Forodhani walikwenda watatu. Mimi nilibaki na ndoo. Wamerudi wanacheka. Wilbert kaniletea urojo kwenye mfuko. Nimeutazama tu ukutani ulipoangikwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya. Naiandika yote.

Alfajiri bandarini. Nikatangulia, koti limepigwa pasi, tiketi nne mkononi kama karata. Mkaguzi akazisoma. Akazigeuza. Akasema safari njema, lakini tumechelewa, tulitakiwa tuwe Pemba.

Nikamwambia ndiko tunakokwenda.

"Hizi zinatoka Pemba kuja hapa," akasema. "Hapa mmeshafika, mzee."

Nikacheka, nikidhani anatania. Nyuma yangu hakuna aliyecheka. Nikaeleza kwamba Pemba imetangulia kwa heshima ya harusi. Akamwita mwenzake aje asikie. Akaja mwingine tena. Boti imejaa, wakasema. Boti ya kesho itafika nikahi imeshapita.

 Shangazi alikaa chini juu ya begi la bibi harusi, akatazama boti. Angepiga kelele ningejitetea. Mtoto wake mmoja tu, na anaoa kesho. Nikajiona mdogo kuliko vifungo vyangu.

Wilbert alikuwa ameshapotea. Nikawaza, kakimbia, ndiyo tabia yake. Akarudi anahema. Kakaa kwenye dirisha la tiketi mpaka wakamwambia kuna familia haikutokea. Nafasi tatu.

Tatu. Sisi wanne.

Nikasema niende mimi, kwa kuwa mimi ni mwenyekiti. Hapana, niandike kweli: nilifungua mdomo niseme hivyo. Wilbert akaniwahi. Akasema niende mimi, yeye atabaki. Akasema hivi mbele ya watu: "Mwenye posa ni wewe. Mimi nitakula wali siku nyingine."

Anajua! Kumbe muda wote alikuwa anajua.

Hapo nikamwona shangazi chini pale. Nani atambebea lile begi? Nani atamshika mkono bahari ikichafuka? Mimi? Nikasema, "Nenda wewe, Wilbert." Akakataa. Nikakataa kukataa kwake. Mkaguzi akasema anafunga lango. Shangazi akainuka, akamkabidhi Wilbert begi, mambo yakaisha.

Ummy aligeuka langoni.  Nikampungia kwa mikono yote miwili kama mtu anayezama.

Jumapili, 10 Agosti

Niko peke yangu. Nimekwenda Forodhani. Nimekula urojo nimesimama. Mzuri, lakini kila nikimeza naona tungekuwa wawili. Watalii wawili wamenipa sahani zao chafu kwa sababu ya koti. Nimezipeleka.

Alasiri Wilbert kapiga simu. Nyuma yake dufu na vigelegele. Kaniambia nikahi imepita salama, shangazi kalia sana, kwa furaha. Nikauliza kuhusu mengine, kama mtu asiyejali. Akasema nikae chini.

Baada ya chakula shangazi alimwendea Abdulmajid na kunisemea. Abdulmajid akauliza mwenyewe yuko wapi.  Hapo Wilbert akaomba ruhusa aseme, yeye Mkristo, Mchaga, jirani tu. Nikamkatiza kumuuliza alisema nini. 

"Nilimwambia wewe ni mwongo wa mambo madogo," akasema. "Makubwa huyawezi. Nikamwambia jana uliacha nafasi yako ili shangazi yako apate wa kumshika mkono."

Abdulmajid kacheka mpaka kikombe cha kahawa kikamtoka. Kisha akasema mambo mawili. Kwanza, mposaji kutuma wazee na kukaa mbali ni adabu, vijana wa siku hizi wanakuja wenyewe na simu mkononi. Pili, atamuuliza mwenyewe. Akaitwa Ummy. Ummy kasema ndiyo.

Nilimwomba Wilbert arudie. Akarudia. Nikamwomba tena.

Nimekaa kwenye kile kitanda cha wageni nikalia kidogo. Haikuwa bahari.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimewapokea bandarini. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia Ummy, marefu, yenye vina. Akaniambia nimekonda. Maneno yote yakatoweka. Nikambebea mkoba.

Wilbert nimemkumbatia. Ananukia karafuu.

Kuvuka kurudi Dar nililala sakafuni njia nzima, ndimu puani. Koti kalivaa Wilbert. Kagawa mifuko vizuri sana, lazima niseme.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimetafakari. Ningefuata njia ya Wilbert, ningefika Wete mwenyewe, ningezungumza mwenyewe, na Abdulmajid angeninyima. Kwa hiyo mpango wangu ndio uliofanya kazi! Nimemweleza hivyo Wilbert wakati anafungua duka. Kasema anashukuru kujifunza.

Harusi yetu ni Desemba, Wete. Watakwenda watu arobaini kutoka mtaani kwetu. Ummy kasema waziwazi: tiketi akate Wilbert, boti moja, moja kwa moja. Nimekubali kwa moyo wote. Nimeapa.

Lakini leo mchana kapita dukani bwana mmoja, Onesphory, kuulizia pazia la ofisi. Mtu makini, anavaa miwani. Anasema Pemba kwa kupitia Unguja ni kuzunguka bure. Unakwenda mpaka Tanga, unashuka kijiji fulani cha pwani, shemeji yake ana chombo, mnakata moja kwa moja, hata chai haipoi. Ana ramani, ya rangi. Nimempa majina ya watu wote arobaini, na kumwandikia Abdulmajid kwamba tutafika mapema kuliko anavyotarajia.

Ummy sijamwambia. Wilbert nimemwambia apumzike, suala la tiketi limeshughulikiwa.

Onesphory mwenyewe hajawahi kufika Pemba. Lakini ramani yake, wallahi, ni nzuri sana.