Indiketa za Mama Dominika

Komeo la mlango wa nyuma lililia tak, giza bado limejaa chumbani, na Theodory akafungua jicho moja. La pili aliliacha lilale; kazi iliyokuwa mbele yake haikuhitaji yote mawili.

"Sisi tunakwenda," Loveness alinong'ona, kamshika binti yao Kindness mkono. "Kipaimara cha Sanya Juu hakiishi kabla ya jioni. Madamu mpe majani mara mbili, na maji. Zaidi ya hapo usimguse."

Madamu alikuwa ng'ombe. Alikuwa ng'ombe wa Loveness, si wa Theodory, na mtaa mzima wa Pasua, pale Moshi, ulijua hivyo, kwa kuwa maziwa yake ndiyo yaliyomsomesha Kindness na kulipa kodi ya nyumba wakati Theodory akijenga jina. Jina lenyewe lilikuwa Injinia. Alijipa mwenyewe, kuwapunguzia watu usumbufu.

Nyayo zilipopotelea barabarani, Injinia akakaa kitandani akatabasamu. Mke hayupo, ng'ombe yupo, na leo Mama Dominika wa Mwika lazima aje.

Lazima, kwa sababu wiki iliyopita Theodory alimfungia balbu za LED kwenye indiketa za lori lake la ndizi, kwa bei ya huruma. Jambo ambalo hakumweleza ni dogo. LED hula umeme kidogo mno. Sasa kile kidude kinachowasha na kuzima indiketa, flasha, kikiona umeme unaopita umepungua hudhani balbu imeungua, nacho huanza kupepesa mbio mbio ili dereva ashtuke. Dawa yake ni kuweka flasha ya LED, yenye ukubwa wa kibiriti, kazi ya dakika tano. Theodory alikuwa nazo kumi na mbili kwenye droo, na hakuna mteja aliyewahi kuonyeshwa hata moja. Wateja walionyeshwa uso wa msiba.

Saa tatu lori likasimama mbele ya kibanda cha Theodory cha umeme wa magari, indiketa zikipepesa kama jicho lililoingiwa na mdudu. Mama Dominika akashuka, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu niangalizie, lori langu lina nini?"

Theodory akaweka sikio kwenye boneti, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. "Mama, umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Ungekuja na mtu."

"Yesu wangu. Ngoja basi nizime."

"Usiguse ufunguo. Gari lenye homa hii ukilizima haliwaki tena."

"Basi sizimi," alisema mama, haraka kidogo.

"Waya zimeanza kulana humu ndani. Leo indiketa, kesho taa kubwa, keshokutwa unaungua na ndizi zako."

"Na haiponi?"

"Inapona. Japani."

Mama Dominika akashusha pumzi. "Mimi mjane, baba. Barabara zimenichosha. Ningepata hata ng'ombe mmoja wa maziwa, nikakaa zangu mgombani, hili likachukuliwa na anayeliweza."

Hapo moyo wa Injinia ukapepesa kuliko indiketa. Pale Himo kulikuwa na mfanyabiashara, Eliakim, aliyetafuta lori mwezi mzima, na bei aliyoitaja ingenunua ng'ombe watatu. Loveness angerudi jioni akute wawili zizini na pesa ya wa tatu mezani, na labda naye angeanza kumwita Injinia.

"Mama, tatizo langu ni huruma," akasema. "Nina ng'ombe. Mchukue, mzigo huu wa waya niachie mimi."

Wakaandikiana mbele ya balozi wa mtaa, mzee Eliufoo. Madamu akapandishwa kwenye pikapu ya kukodi, baada ya kumpiga Theodory teke moja la kuagana. Ndipo Mama Dominika akachomoa kwenye kitenge chake jani bichi la isale, mmea unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba.

"Pokea, baba. Kama kuna mahali nimekukosea, liishie hapa."

Aliyezaliwa kwenye miteremko ya mlima kule Mwika hahitaji kuelezwa. Isale ndiyo inayoomba msamaha, na ukishaipokea, kosa lile hulitaji tena, hata kama lilimwaga damu. Theodory alijua. Alichokiona yeye ni bibi anayemwomba radhi mtu anayemwibia, na kicheko kikambana kooni. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe yote, mama. Hata nisiyoyajua."

Mzee Eliufoo akaitikia kwa kichwa.

Pikapu ilipokata kona, Injinia akabadilisha flasha, injini bado ikinguruma. Indiketa zikatulia, zikawa zinawaka kwa adabu kama kwaya ya wazee. Akaenda Himo akipiga mluzi, akaingia uwanjani kwa Eliakim, akazima injini kwa mbwembwe.

Eliakim akalizunguka lori mara moja. "Aisee mangi, umelizima?"

"Tazama indiketa hizo kwanza."

"Liwashe."

Lori likakohoa, likaguna, likanyamaza. Likakohoa tena, kwa sauti ya chini zaidi.

"Hili si la Mama Dominika?" Eliakim akauliza. "Pistoni zimekwisha tangu mwaka jana. Linawaka likishushwa mteremko tu. Kwake Mwika mteremko unaanzia mlangoni. Hapa kwangu sasa..." Akautazama uwanja wake, uliokuwa tambarare kama meza.

Asubuhi ile, sikio la Injinia pale kwenye boneti lilikuwa limesikia kila kitu isipokuwa injini.

Akapiga simu. "Mama, lori haliwaki."

"Najua, baba. Ndiyo maana nilianza na msamaha."

"Nirudishie ng'ombe."

"Jirani yangu Sifael ulimuuzia kopo lililopakwa rangi, ukamwambia ni kidhibiti cha indiketa. Baadaye binti yake akabadilisha flasha tu, shida ikaisha. Mimi nilijua ninakokuja." Akacheka kidogo. "Madamu anakula vizuri. Amenikubali, wala hajapiga teke."

Theodory akampigia balozi.

"Umepokea isale mbele yangu, Theodory," mzee Eliufoo akasema. "Kwa mikono miwili. Sasa unataka niseme sikuona?" Na simu ikakatwa.

Eliakim alikubali lori lilale pale, mradi lisimzibie geti. Theodory akaomba lifti kurudi Moshi. Njia nzima alipanga maneno, na maneno hayakuwahi kumkimbia maishani: Madamu ameugua, Madamu yuko kwa dume, Madamu amekopwa na kanisa. Kila moja alipojaribu kulisema mbele ya uso wa Loveness, lilivunjika katikati. Karibu na kwao akashuka penye mpaka wa shamba la watu, akatazama kulia na kushoto kama mwizi, akakata jani.

Jua lilikuwa bado halijazama. Loveness alikuwa amerudi. Alisimama mbele ya zizi tupu, ndoo ya kukamulia mkononi, mgongo kaugeuzia geti. Theodory akafungua mdomo, mdomo uliokuwa umeuza makopo na huzuni mji mzima, na hakikutoka kitu.

Kindness, bado na gauni lake la sherehe, ndiye aliyemwona kwanza.

"Mama," akasema, "baba yuko nje ameshika isale."