Kwelea na Hema la Tabianchi

Jumatatu, 12 Mei
Makumbusho ya sayansi yamefika Ifakara. Yamekuja ndani ya lori! Wamesimamisha hema uwanjani Lipangalala, wanafundisha watu mabadiliko ya tabianchi. Mkuu wao, Bi Eveline, anatafuta mwelezaji wa kuzunguka nao hadi Mchombe. Tumebaki wawili: mimi na Mwalimu Dativa. Siku yake Ijumaa, yangu Jumamosi. Atakayepata watu wengi, kazi yake. Nimeshamwambia Mama kazi nimepata. Kwa nini nilisema?

Jumanne, 13 Mei
Balaa. Mjini hakuna watu! Mpunga unaiva, kila mtu yuko shambani anaamia ndege. Nimemkuta Mama juu ya dungu, kombeo mkononi, sauti imemkauka kwa kuwapigia kelele kwelea. Akaniuliza nitampokea lini. Akasema mpunga ule ndio chakula chetu cha mwaka mzima. Nikamwahidi Jumapili, baada ya misa. Akasema kwelea hawaendi kanisani.

Nikamwamkia jirani wa shamba, Mzee Nazari, nikamkaribisha hemani. Akaitikia marahaba, akacheka. Alisema tabianchi anaijua, ilimzolea mbegu kwa mafuriko mwaka jana. Hao kwelea je, nitawaomba wasubiri? Usingizi hauji.

Jumatano, 14 Mei
Nimepata! Hemani kuna jiko la jua, limezungushiwa karatasi za kung'aa. Za akiba ziko boksi zima. Nimeziazima. (Bi Eveline bado hajui.) Nikazitundika kwenye kamba katikati ya shamba la Mama. Jua likapiga, zikamulika huku na huku, kwelea wakaruka kundi zima kama wamachinga waliomwona mgambo! Mzee Nazari akavua kofia. Nimemwambia yeye na majirani wote waje hemani Jumamosi, asubuhi yake nitawatundikia na wao, mashamba yatalindwa na sayansi. Wamekubali!

Mama akagoma kushuka. Nikambembeleza, nikamwambia asipokuja watu watasema mama mzazi kamkana mwanawe. Atakuja.

Ijumaa, 16 Mei
Siku ya Dativa. Nimechungulia: hema tupu! Nimecheka peke yangu hadi nikapaliwa.

Jioni nikasikia mengine. Kumbe alibeba ule mfano wa bonde, wa udongo na maji, unaoonyesha mafuriko yanavyokuja, akaupeleka shambani kwenyewe. Kaeleza dungu hadi dungu, watu wanasikiliza huku wanarusha madongo. Mzee Nazari eti kampa na miwa! Si haki. Hema ni hema. Nitalalamika, lakini kwanza kesho nijaze.

Jumamosi, 17 Mei
Lilijaa! Mama mstari wa mbele, kitenge kipya. Bi Eveline anatabasamu. Nikashika kipaza sauti. Nikaeleza vizuri mno kwamba siku hizi hali ya hewa haitabiriki kama zamani, na mwezi tuliouzoea kuwa wa jua unaweza kufunga wingu ghafla. Hapo hapo hema likawa giza. Nikadhani taa zimezimika. Mzee Nazari akasimama, akauliza kwa adabu kabisa kama karatasi zangu zinafanya kazi bila jua.

Mungu wangu! Mama alishatoka, anakimbia, viatu mkononi. Nikamfuata, na hema lote likatufuata. Kwelea walianzia kwa Mama. Karatasi zinaning'inia tu, ndege wanakula chini yake bila wasiwasi. Nusu ya shamba imebaki mabua. Mama hakunigombeza. Aliokota kombeo, akaanza kurusha huku analia. Na mimi nimelia, nyuma ya dungu, asinione.

Jumapili, 18 Mei
Kazi kapewa Dativa. Kaja mwenyewe kunipa pole. Sikutoka, niliumwa ghafla. Mama amesema kilichobaki kivunwe kesho, kiwe kimekomaa au hakijakomaa. Hataki kuwaachia ndege hata punje.

Alhamisi, 22 Mei
Tumevuna, tumepura. Mgongo hauna hali. Mpunga wote umeanikwa uani kwenye turubai, bado una unyevu. Mama amekwenda Lupiro kumwona shangazi Balbina, mgonjwa. Kaniachia neno moja, kalirudia mlangoni, kalirudia barabarani: nikiona wingu tu, nikusanye. Ukilowa utaota, na mwingine hatuna.

Nikamwambia aende kwa amani. Mwishoni mwa mwezi wa tano hapa hainyeshi, tangu enzi za babu. Anadhani sijui? Mimi ndiye niliyesimama hemani nikaeleza watu hali ya hewa! Juzi lilikuwa wingu la bahati mbaya, basi. Halijirudii.

Saa nane mchana. Nimetandika mkeka barazani. Jua limepunguza ukali, kaupepo kanavuma vizuri. Afadhali, nilale kidogo. Tone limedondoka kwenye ukurasa huu.

Itakuwa umande.