Mzimu Ulioishiwa Chaji

Jumatatu, 3 Novemba
Situlii. Chumba changu cha Edmonton, hapa Uingereza, kinavuja, na Shangazi Haifa yuko peke yake Stanmore, nyumba ya vyumba vinne, mjane, hana mtoto. Mrithi ni mimi au binamu yangu Nasim. Nasim humpeleka kliniki, humpikia uji. Mnafiki!

Leo darasa la jioni. Bi Poonam anatufundisha riwaya za kutisha za Waingereza wa miaka mia mbili nyuma. Kila kasri lina picha ya marehemu ukutani, na mzimu wake humtaja mrithi halali. Ala! Si Shangazi anayo picha ya marehemu mumewe, Bwana Abdulsamad? Nikatoka mbio kabla darasa halijaisha.

Jumanne, 4 Novemba
Nimenunua spika ndogo. Nimejirekodi kwa sauti ya marehemu, kikohozi kizito mwanzoni: Haifa, sina raha kaburini kwa sababu ya nyumba hii, mpe Imran. Mwenyewe nywele zikanisimama.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimekwenda Stanmore. Shangazi kaniuliza kama leo nimepotea njia. Nikaficha spika nyuma ya picha. Magharibi, saa kumi na nusu tu na nje giza, Nasim anasukuma chapati. Nikabonyeza simu. Marehemu kakohoa, kasema hana raha kaburini kwa sababu ya nyumba hii. Kisha kimya. Chaji imekwisha! Kabla ya jina langu!

Shangazi hakuzimia kama wanawake wa riwayani. Kajifunga kanga kiunoni, kasema maiti asiyetulia hasubirishwi: Jumapili khitma. Nasim akaagizwa aalike watu. Mimi nikaagizwa vitunguu, nimenye gunia zima.

Jumapili, 9 Novemba
Macho bado yananiwasha. Baada ya dua Shangazi katangaza: kama nyumba inamtesa mumewe, basi ni wakfu. Akifa yeye, iwe madrasa. Msimamizi, Nasim. Watu wote, mashallah! Na mimi mashallah. Roho inaniuma, jamani!

Mlangoni Shangazi kanifungia biriani, na juu yake kaweka spika yangu. Imejaa chaji. Kasema marehemu hakuwa na kikohozi maisha yake yote, mwenye kikohozi ni yeye Shangazi, ningejua kama ningekuwa namtembelea. Kasema tangu Idi alishaazimia tuigawane nyumba, nusu yangu, nusu ya Nasim. Kisha kanitakia safari njema.

Jumatatu, 10 Novemba
Sijalala. Nimezunguka chumbani mpaka jirani kagonga ukuta. Jioni Bi Poonam karudia mwisho nilioukosa: katika riwaya zile, anayeuharakisha urithi huangamia, na anayewatunza wazee ndiye hubaki na kasri. Wapumbavu gani wale, hawajifunzi!

Nimewaza sana. Kwa nini Shangazi aichaji spika, kama si anangoja marehemu amalizie maneno yake? Nimenunua kubwa zaidi, ya kuchomeka ukutani. Kikohozi nimekifuta.