Mkwe Wangu Si Mke wa Dundu

Kambi ya Utafiti,
Kikole, Kilwa.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Majina ya Wadudu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

Mimi ni kibarua kutoka Nzega. Nachimba mashimo ya kutegea dundu wa mavi msituni huku, na shule niliishia darasa la tano. Mwaka jana shimo langu lilinasa dundu mweusi asiye na pembe. Daktari Consolata, mkuu wetu wa kambi, alisema hajaandikwa popote, na kwa hisani yake akampa jina la mkwe wangu, Mzee Tawakali. Mzee alichinja mbuzi kumpokea somo yake. Mke wangu Batuli akaenda kwao kwenye karamu hiyo, na bado yuko huko.

Sasa kamati yako imeamua kwamba dundu wetu si mpya, bali ni jike la dundu mwenye pembe anayejulikana tangu zamani. Jina la mkwe limefutwa. Nilipomweleza mzee kwa simu alisema, "Mimi na mvi hizi, nimekuwa mke wa nani?" Amemzuia Batuli huko mpaka heshima yake irudi. Kwa hiyo nalalamika hivi:

1. Mnasema jina lililotangulia ndilo linaloshinda. Jina la huyo mwenye pembe lilitolewa mwaka wa Uhuru. Mwaka huo mkwe wangu alikuwa ameshatahiriwa, na akiitwa Tawakali anaitika. Nani ametangulia?

2. Dundu huyu hakufuata mavi ya ng'ombe wala ya tembo. Alifuata chambo cha binadamu, na mtoaji wa chambo hicho hapa kambini ni mimi. Amekula kwangu, basi ni mtu wa nyumbani. Hawezi kuozeshwa bila mimi kuulizwa.

3. Ndoa yenyewe haina posa, mahari wala shahidi. Shaaban, mpishi wetu, kila asubuhi akinipa uji huniuliza, "Mnyamwezi, mkweo anajifungua lini?" Ni mtani wangu, hivyo sina ruhusa ya kukasirika. Nakunywa tu.

4. Kama kukosa pembe ndiyo dalili ya ujike, mngesubiri kidogo. Mkwe wangu naye alichelewa kuota ndevu.

Naomba jina lirudishwe. Mkishindwa, wazee wa kamati wafunge safari hadi Nzega wakatoe mahari kama waungwana: ng'ombe, si bahasha.

Wasalimie wanakamati wote na familia zao, pamoja na dundu waliomo makabatini.

Ni mimi niliye shimoni,
Hasani Mabula.

N.B. Nimemsomea mkwe barua hii kwa simu ili ajue ninavyompigania. Nilipofika kwenye ng'ombe aliridhia ndoa. Tafadhali jina lisirudishwe. Ila anataka uhakika kwamba dundu huyo mwenye pembe hana mke mwingine. Batuli naye hataachiwa mpaka arusi iishe, maana ndiye atakayepika. Naomba mtaje tarehe.