Watoto Wangu na Kipande cha Siku Thelathini

Jumatatu, 6 Julai 1953. Ngombezi.

Siku mbaya. Nimetoka ofisini nimechoka, nimepita mbele ya nyumba ya jirani yangu Fabiani. Ua umefagiwa unang'aa. Watoto wake watatu wanatoka kuteka maji, wanaimba! Nani anaimba na debe kichwani? Nimeingia kwangu. Nimekanyaga ganda la muwa, kisha mavi ya kuku, kisha Sadala. Sadala ana miaka mitano na alikuwa amelala mlangoni.

Mke wangu Amne kanipokea kwa habari. Mama yake, Bibi Chausiku, katuma salamu na dereva wa lori la Handeni. Anakuja Jumapili. Alipokuja Idi mwezi uliopita alikuta nyumba chafu. Akaenda kusalimia kwa Fabiani, akarudi anamsifu mpaka wali ukapoa. Safari hii kasema wazi: akikuta uchafu tena, anamchukua Zamda akamlee mwenyewe.

Zamda! Binti yangu mkubwa, miaka kumi. Ndiye mtu pekee katika nyumba hii anayecheka nikitania. Haendi popote. Lakini mama mkwe hajibizwi, kwa hiyo itabidi nimshinde kwa ufagio.

Na huyo Fabiani ni nani hasa? Mtu wa korona, ile mashine ya kuchambua mkonge; kazi yake kuilisha majani. Mimi ni karani wa vipande. Vibarua mia nne wananiamkia!

Jumanne, 7 Julai.

Nimepata wazo nikiwa kazini. Watu wazima wanatoka mbali, wanakuja kuchomwa na miiba ya mkonge, na wanaendelea kuja. Kwa nini? Kipande! Kadi ya kibarua: kila siku ya kazi alama moja, siku thelathini zikitimia unapata chako. Kipande kinaendesha shamba zima, kishindwe na watoto watatu?

Nimekata karatasi tatu, nimepiga mistari, nimeandika majina. Nyuma nimenakili sheria zote za shamba, neno kwa neno. Kazi ni kwa ngwe, kila mtu na sehemu yake aliyopimiwa. Zamda: maji na vyombo. Kudra: kufagia kutoka mlangoni hadi kwenye mpapai. Sadala: kufukuza kuku. Atakayetimiza siku thelathini nitampakia kwenye baisikeli hadi Korogwe, akaone gari moshi, anywe na soda. Wameruka kwa furaha. Amne kauliza kwa nini nisiwaambie tu wafagie. Nimemjibu kwamba mambo ya utawala hayajui. Kaguna.

Jumatano, 8 Julai.

Kudra kafagia vizuri hadi kwenye mpapai. Hapo hapo kasimama. Shubiri moja kupita mpapai kuna rundo la mavi ya mbuzi. Nimemwonyesha. Kasema hiyo si ngwe yake, ya kwake imekwisha, anaomba alama. Ana miaka minane! Nimemwekea. Ningefanyaje? Shambani ndivyo tunavyofanya.

Zamda hakugusa vyombo. Kaleta kipande, kakigeuza, kanisomea kwa sauti nzuri ya darasa la tatu: kibarua ana siku arobaini na mbili za kutimiza siku thelathini. Kwa hiyo ana siku kumi na mbili za kupumzika, na ya kwanza ni leo. Nimekasirika sana. Anasoma vizuri lakini, mashallah.

Kipande cha Sadala kimeliwa na mbuzi. Sheria ya saba: ukipoteza kipande, alama zako zimekwenda. Kalia mpaka sauti ikamkauka. Amne kasema nimwandikie kingine na alama yake moja. Nimekataa. Nikimhurumia huyu, vibarua mia nne watasemaje? Amne kasema vibarua hawapo hapa. Hoja dhaifu sana.

Vyombo kaosha Amne. Kwa jirani wanaimba.

Alhamisi, 9 Julai.

Fabiani ana siri, haiwezekani. Jioni nimechungulia kupitia kwenye minyaa inayotenganisha nyumba zetu. Nimeona! Fabiani mwenyewe, kifua wazi, kashika ufagio! Mke wake Bernadina anaanzisha wimbo, watoto wanaitikia, naye Fabiani anafagia akikosea makusudi ili wamcheke. Hakuna kipande. Hakuna ngwe. Hakuna nyapara.

Nimecheka kimoyomoyo. Maskini wa watu, kashindwa kuwaongoza mpaka anafagia mwenyewe. Kisha binti yake mkubwa, Yuditha, kamrukia mgongoni, na mimi kicheko kikaniishia. Nimesogea nione vizuri. Mnyaa umekatika, utomvu umeniingia jichoni.

Yallah! Nimepiga kelele mpaka mistari yote ya nyumba za vibarua imesikia. Kwangu mtungi ulikuwa mtupu, Zamda bado yuko mapumzikoni. Fabiani kaja mbio na kata ya maji, kaniosha jicho taratibu, hakuniuliza nilikuwa nafanya nini pale. Namchukia.

Ijumaa, 10 Julai.

Jicho limevimba, lakini akili inafanya kazi. Mashamba mengine yanatunyang'anya vibarua kila mwaka kwa kuwaahidi posho nzuri. Basi na mimi sina akili? Nimewavizia Yuditha na wadogo zake wakitoka shule. Nimewaonyesha vipande vya rangi ya manjano. Wafagie kwangu, wateke maji kwangu, hadi Jumapili tu. Kila mtu donge la sukari guru kila siku, papo hapo. Wamekubali hata sijamaliza kusema.

Sasa Fabiani afagie peke yake tuone kama ataimba!

Jumamosi, 11 Julai.

Ua wangu unang'aa! Mtungi umejaa! Watoto wa Fabiani wanaimba, na wanaimba KWANGU. Nimeweka kiti mlangoni ili wapita njia wanione.

Zamda kaja kuuliza kwa nini wao wanapewa sukari guru leo leo na yeye angojee siku thelathini. Nimemweleza kwamba wale ni vibarua wa kutoka nje, wana masharti yao. Kisha kawashika mikono Kudra na Sadala wakaenda zao. Sikuuliza wanakwenda wapi. Nilikuwa nautazama ua.

Jumapili, 12 Julai.

Lori limemshusha Bibi Chausiku saa nne. Nimesimama pembeni, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Kazunguka ua. Kaenda hadi nyuma ya mpapai. Kapitisha kidole juu ya mtungi. Safi! Kacheka, kamwambia Amne kwamba mumewe kumbe anaweza. Nusura nilie.

Kisha kaita wajukuu waje kumwamkia. Wakaja watatu, shikamoo bibi. Bibi kawatazama mmoja mmoja. Yuditha, kwa adabu yake ile inayokera, kamweleza yote: wao ni wa Fabiani, wamechukuliwa kazi hapa tangu juzi, na baba Zamda samahani, sukari guru ya leo bado.

Bibi kauliza wa kwake wako wapi. Kutoka ng'ambo ya minyaa kikasikika kicheko. Cha Zamda. Nakijua.

Tumekwenda wote. Zamda ana debe kichwani. Kudra anazoa mavi ya mbuzi, kwa mikono, na si ngwe yake! Sadala yuko mabegani kwa Fabiani, anafukuza kuku kwa fito. Wote wanaimba, bila alama hata moja.

Bibi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kamwuliza Zamda kama angependa kwenda naye Handeni. Nimemkonyeza Zamda kwa jicho zima. Zamda kauliza swali moja tu: kwa bibi kuna kipande? Bibi kasema hakuna, kule wanaamka pamoja, wanatwanga pamoja, wanakula pamoja.

Zamda kaenda kufunga nguo zake. Lori limeondoka saa tisa. Kapunga mkono. Nadhani alikuwa anampungia Yuditha.

Jumatatu, 20 Julai.

Nyumba kimya. Juzi nimetania kuhusu meneja aliyekalia mwiba wa mkonge. Hakuna aliyecheka. Amne akitaka kuniambia neno anamtuma Sadala.

Dereva wa lori kaleta habari bila kuulizwa. Zamda hajambo, anaamka alfajiri, anatwanga, anacheka siku nzima. Watu wa Handeni wanamsifu Bibi Chausiku kwa malezi. Malezi ya siku nane! Mimi nimelea miaka kumi, nani kanisifu? Naona wivu kwa mwanamke wa miaka sitini na tano.

Fabiani kaja kunijulia hali ya jicho. Kanishauri nipande lori, nikakae na mwanangu siku mbili, nimwambie tu kwamba nimemkumbuka. Ushauri wa mtu wa korona. Nimemshukuru, nimemsindikiza hadi kwenye minyaa.

Kosa langu nimeligundua. Karatasi ilikuwa nyepesi. Leo nimekata nyingine, ngumu, ya kijani, ile ya manyapara. Nimeandika Zamda binti Mhina kwa mwandiko wangu bora. Sheria nimepunguza, zimebaki kumi na nne. Nimekaa nayo mezani muda mrefu. Mwisho nimemwekea alama zote thelathini, bila kazi yoyote. Arudi tu, twende Korogwe. Nimeitia kwenye bahasha. Dereva anaondoka kesho asubuhi.

Nimeifungua bahasha. Nimefuta alama mbili. Asije akazoea vya bure.