Mashahidi wa Sindano Yangu

Jumatatu, 12 Machi 1934
Balaa! Bwana Daktari amenisimamisha kazi. Cheti changu cha dresa, msaidizi wa daktari, miaka tisa ukutani, amekishusha mwenyewe na kukifungia kabatini. Ati nachukua sindano ya zahanati na kuchoma watu majumbani. Ati mkono wa jirani yangu Bi Hind, niliyemchoma, umevimba mpaka bangili zimekatwa. Hadi baraza la Ijumaa nisiguse mgonjwa yeyote. Marcelino, dresa mwenzangu, ameshakalia kiti changu. Mnafiki!

Jumanne, 13 Machi
Nimekwenda kumjulia hali Bi Hind. Mumewe, Salem, kanizuia mlangoni. Akasema niondoke kabla hajasahau kwamba mimi ni jirani. Ndani nilimsikia Bi Hind akilia. Nimeogopa kweli. Mkono ule ukiharibika, sina cheti tena maishani.

Jumatano, 14 Machi
Nimepata dawa! Mashahidi. Kariakoo nzima inanipenda. Nimemwomba Bi Siwema, mkuu wa chama cha ngoma ya wanawake, lelemama, aje na wenzake kueleza wema wangu. Kakubali palepale, akasema watavaa sare. Alilalamikia kiuno. Sindano moja ilikuwa imebaki mfukoni mwangu, sijui ilifikaje. Nikamchoma. Hiyo si kugusa mgonjwa, ni shukrani.

Ijumaa, 16 Machi
Wamekuja wanane, kanga za aina moja, vigelegele hadi barazani. Bwana Daktari akauliza mimi ni mtu wa namna gani. Bi Siwema akasema mwema mno, sijawahi kumngojesha juani, humfuata na sindano hadi jikoni kwake. Mwenzake, Azza, akasema kwake nimefika mara nne. Mwingine, Bi Mgeni, akafunua bega, akaonyesha alama. Nikakohoa. Nikawakonyeza. Wakadhani nawahimiza! Bi Siwema akasimama tena, akasema hata juzi, ingawa nimekatazwa, kwa huruma yangu nilimchoma. Karani aliandika kila neno. Marcelino alitazama dari, mabega yakimtikisika.

Jumamosi, 17 Machi
Cheti kitakaa kabatini miezi sita. Mkono wa Bi Hind umeanza kunywea, alhamdulillahi. Nimewaza kutwa nzima nilikosea wapi. Nimeona. Wanane ni wachache! Nitakata rufaa. Bi Siwema ameahidi kuleta ishirini, ila ameuliza kama sindano bado ninayo. Nimemwambia wapite kesho baada ya adhuhuri, mmoja mmoja, kwa mlango wa uani.