Naomba Nirudishiwe Oili Yangu Chafu

Mwl. Hezekia Shemkai (Mstaafu),
Kwai, Lushoto.
14 Agosti 2024

Fundi Idd,
Gereji ya Darajani,
Soni.

Ndugu Fundi,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA OILI CHAFU YA GIABOKSI PAMOJA NA CHUJIO LAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shikamoo uliyomkabidhi Mama Evodia wiki iliyopita imenifikia salama. Marahaba.

Kabla sijalalamika, inanipasa kukiri. Daktari amenieleza kwa adabu kwamba moyo wangu umechakaa, na kwamba kwa mtu wa miaka themanini na tatu hakuna kipuri cha kuufaa. Tangu hapo nimekuwa nikitua mizigo. Mambo ya kanisani nimeyamaliza na mchungaji, kwa muda mfupi kuliko nilivyotegemea. Limebaki moja, nalo linakuhusu wewe. Kwa miaka kumi na tatu nimeficha kwamba nilijua gari langu linataka oili mpya ya giaboksi na chujio jipya, na kila aliyetaka kuvibadilisha nilimzuia kwa uongo.

Gari lenyewe unalijua: lile jeusi la Kijerumani, la otomatiki, lenye viti vya ngozi, nililolinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Kitabu chake kinaeleza wazi lini oili hiyo ibadilishwe. Kurasa hizo mbili nilizigandisha kwa uji wa ngano ili mke wangu asizione. Watu wengine niliwaambia yale yanayosemwa na madereva wengi, kwamba giaboksi kuukuu imezoea uchafu wake na ukiibadilishia oili inakufa. Fundi Valentino wa Lushoto ndiye aliyenifundisha maneno hayo. Nilimwita nyumbani ayarudie mbele ya familia, akanywa chai, akayarudia vizuri sana. Mafundi watatu waliokuja baada yake niliwarudisha kwa kulitaja jina lake.

Baada ya kukiri hayo, malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Kazi ilifanyika bila ridhaa yangu. Mwezi Juni nilikuwa nimelazwa. Binti yangu Evodia, akiwa Tanga, alikupigia simu, na mama yake akakukabidhi funguo ambazo mimi nilidhani nimezificha ndani ya kopo la majani ya chai. Nimeelezwa kwamba uliliwasha gari lipate moto kwanza, ukaimwaga oili, ukafungua lile bakuli la chini mnaloliita sampu, kisha ukamwita mke wangu aje aone. Inasemekana ulimwonyesha visumaku vilivyoota manyoya ya unga wa chuma, ukamwambia, "Bibi, hili gari lilikuwa linakunywa tope." Bwana Idd, mtu haitwi kuja kuona uchafu wa mumewe akiwa hospitali.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba kazi uliifanya vizuri. Chujio ni jipya, gasketi ni mpya, sampu imesuguliwa hadi inang'aa. Oili uliijaza kidogo kidogo huku injini ikiunguruma, ukaipima kwa kijiti chake mara mbili, na siku ya tatu ukapanda pikipiki kutoka Soni hadi Kwai kuja kuipima tena. Hakuna tone lililovuja. Kazi mbovu ningeivumilia, kwa kuwa ingejiharibu yenyewe.

2. Gari sasa halisikiki. Zamani, likifika darajani Soni siku ya gulio, gia ilikuwa ikiingia kwa kishindo ambacho Hadija, muuza mapeasi, alikitambua akiwa ameinamia matenga yake. Kabla sijasimama, mapeasi yalikuwa tayari kwenye mfuko, yale magumu ya Mama Evodia na yale laini yanayofaa meno yangu. Wiki mbili zilizopita tulimpita kimyakimya kama wageni. Nilipomlalamikia alisema, "Mwalimu, nilidhani umekufa." Hakusema kwa ubaya. Lakini si maneno ya kumwambia mtu mwenye moyo kama wangu.

3. Nimeingizwa kwenye harusi. Katika kata yetu, mwenye gari la kifahari ni mwenye gari la maharusi, atake asitake. Kwa miaka kumi na tatu nilikuwa nikisikitika mbele ya kila mzazi: ningependa sana, lakini giaboksi. Neno hilo lilinitosha. Sasa wewe umekaa gerejini kwako ukisimulia jinsi gari la Mwalimu linavyoteleza kama limepakwa siagi, na habari zimepanda mlima kabla yangu. Nina harusi tatu mwezi Septemba. Mzee wa kanisa Sefania alikuja Jumatatu na utepe mweupe, akapima boneti kuanzia kioo hadi taa, huku mimi nikimwangalia dirishani na blanketi magotini. Alipomaliza alinipungia mkono. Nami nikampungia.

Haya matatu ningeweza kukusamehe. La nne siwezi.

4. Umeivuruga ndoa yangu. Naomba usome kwa utulivu.

Mimi na Mama Evodia tulioana miaka hamsini na mmoja iliyopita. Wewe ni kijana, huenda wewe na mkeo mnashikana mikono mkienda dukani. Sisi hatukulelewa hivyo. Mimi hutangulia njiani, yeye hufuata na mkoba wake, hatua kumi nyuma. Kanisani mimi hukaa upande wa wanaume, yeye upande wa wanawake, na tukitoka tunakutana kwenye gari kama watu walioagana kikazi. Tulipotimiza miaka hamsini ya ndoa, mpiga picha alituambia, "Wazee, sogeleaneni," nasi wote wawili tukageuka nyuma kuangalia wazee aliokuwa akiwaambia. Sisemi hatupendani. Nasema kwamba mchana, mbele ya macho ya watu, mkono wa mke wangu ulikuwa kitu nilichokiona kikifanya kazi, si kitu nilichokishika.

Basi, mwezi Juni mwaka 2011 tulikuwa tunapanda kutoka gulioni. Baada ya daraja, kwenye kona yenye mikaratusi, ile ambayo upande wa kushoto hakuna kitu ila hewa, gari lilitaka kutoka gia ya pili kwenda ya tatu likasita. Injini ikalia peke yake. Kisha gia ikaingia kwa teke, kama punda aliyeguswa kidonda. Mke wangu, maskini, kwa hofu yake, aliushika mkono wangu wa kushoto uliokuwa juu ya gia, na hakuuachia hadi tulipoanza kuziona nyumba za Lushoto. Mimi nilimwambia tu, "Usiogope, Mama Evodia." Hatukulizungumza tena.

Gulio lililofuata, kona ileile, teke lilelile, mkono uleule. Na lililofuata. Usiku nilikisoma kitabu cha gari na kamusi, nikaelewa kwamba ugonjwa ni oili iliyochoka na chujio lililoziba, na kwamba dawa yake ni kazi ya nusu siku. Ndipo nilipoupika ule uji wa ngano.

Nimepiga hesabu, gulio moja kila wiki: ni zaidi ya mara mia sita. Wakati wa mvua na wakati wa ukungu, tukiwa tumenuniana na tukiwa tumepatana. Mwaka tuliomzika kaka yake, tulipanda kona hiyo bila kusema neno tangu Mombo, na giaboksi haikutuangusha.

Nilipotoka hospitali tulishuka gulioni, tukapanda. Niliuweka mkono juu ya gia nikasubiri. Daraja likapita. Mikaratusi ikapita. Gari lilitoka ya pili kwenda ya tatu na hakuna aliyejua, hata mimi niliyekuwa nikisikiliza. Mke wangu alifungua mkoba, akatoa karanga, akala. Tulipofika mjini alisema, "Yule kijana wa Soni anajua kazi."

5. Nimejaribu njia nyingine, zote zimeshindwa kwa sababu yako. Nilipitisha gurudumu kwenye shimo makusudi, akaniambia niangalie barabara. Nilikanyaga breki ghafla, mapeasi yakamwagika, akayafuata chini kwa mikono yote miwili. Nilisimulia, tukiwa kwenye kona yenyewe, habari za lori lililotumbukia hapo mwaka fulani. Akasema lori hilo halikutumbukia hapo, lilitumbukia kona ya juu yake, na dereva alitoka mzima. Kwa hiyo utaona kwamba mwanamke mwoga kwa tabia sasa hana hata mahali pa kuogopea. Hilo si jambo langu tena, ni suala la ustawi wa jamii.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo:

(a) Nirudishiwe oili yangu, lita saba, ikiwa na tope lake lote. Nimesikia ulimpa Mzee Benjamini, naye akaipaka kwenye nguzo za zizi lake la mbuzi zisiliwe na mchwa. Nilikwenda kuliangalia zizi hilo. Ni zizi zuri na nguzo zimekolea. Iwapo oili haiwezi kukamuliwa kutoka kwenye nguzo, naomba ushirikiano wako tumshawishi Mzee Benjamini atuachie nguzo zenyewe. Mbuzi wanaweza kukaa kwangu, banda la gari lina nafasi.

(b) Chujio kuukuu, ambalo naarifiwa umeliweka chini ya mguu mfupi wa meza yako ya kazi, litolewe, lisioshwe, lirudishwe mahali pake. Kwa ajili ya meza nitakuletea kitabu cha gari, kinatosha kwa unene na sina kazi nacho tena.

(c) Endapo (a) na (b) haviwezekani, unitengenezee kasoro mpya. Siombi makubwa. Naomba kasoro ya wastani, isiyohatarisha maisha, itokee mara moja tu, wakati wa kupanda, baada ya daraja na kabla ya mikaratusi kwisha. Fundi anayeweza kuliondoa teke bila shaka anaweza kulirudisha.

Naomba kazi hii ifanyike kabla ya gulio lijalo. Sikuharakishi kwa kiburi. Nilimuuliza daktari magulio mangapi, naye akajifanya hakusikia, akauliza kama napata usingizi. Sitaki kupita kona ile kwa mara ya mwisho nikiwa nimeshika chuma.

Nisalimie mkeo Mwanahamisi na mama mkwe wako aliyeniletea tangawizi. Nisalimie mchomeleaji wa jirani yako, umwambie geti letu bado linafunga. Nisalimie Hadija, umwarifu kwamba sijafa na kwamba nadai mapeasi laini ya wiki mbili. Wasalimie pia wote wanaokaa kwenye lile benchi la gerejini wakingojea magari yao. Waambie waangalie wanachokitaka.

Ni mimi, mteja uliyemhudumia vizuri kupita kiasi,

Hezekia Shemkai

Nakala:
Bi. Evodia, Tanga: kwa taarifa tu, asipige simu.
Mchungaji: iambatanishwe na yale ya mwezi uliopita.
Mzee Benjamini: kuhusu nguzo.

N.B. Barua zangu rasmi zote husomwa na Mama Evodia kabla hazijatoka, kwa sababu alifundisha darasa la pili miaka thelathini na hana huruma. Hii nilitaka niipeleke posta mwenyewe, lakini miguu imekataa. Ameisoma asubuhi hii, mbele yangu, na kalamu yake nyekundu. Amenipa saba juu ya kumi. Kwenye namba 4 amepiga mstari na kuandika pembeni: "Baba Evodia, si kweli. Siku hiyo nilikuwa nimepakata kikapu cha mayai, nimekishika kwa mikono yote miwili. Sahihisha."

Nimekaa na karatasi hii tangu chai ya saa nne. Mayai yalikuwa thelathini, na nakumbuka hakuna lililovunjika. Mke wangu hajawahi kuogopa kona yoyote ya barabara ile. Kwa hiyo, Ndugu Fundi, malalamiko yote nayafuta. Oili ibaki zizini, chujio libaki chini ya meza, na Sefania aje na utepe wake. Utaniwia radhi mistari hii ya mwisho kwenda upande. Karatasi haina wa kuishikilia, maana mkono wangu wa kushoto ameushika Mama Evodia, mezani, mchana kweupe, na gari liko bandani limezimwa. Huu wa leo ameushika yeye. Zile mara mia sita, tangu ya kwanza, nilikuwa nimemshika mimi.